Mipaka ya Mguu wa Mama

Jengo letu lina ghorofa tatu na mguu mmoja. Mguu wenyewe umechorwa kwa rangi ya mafuta kwenye ukuta wa mlangoni, mrefu kunizidi mimi, na umekatwakatwa kwa mistari myekundu kama ramani ya viwanja. Anayeingia husimama mbele yake, akatafuta panapomuuma, akasoma jina la chumba anachotakiwa kwenda, kisha akavua viatu na kuniachia. Mimi hukaa chini ya kile kisigino, kwenye kigoda, na nyundo yangu, gundi yangu na kopo la misumari. Mimi ni fundi viatu. Mkataba wangu unasema "viatu vyote vinavyoingia", kwa sababu mwenye nyumba hataki vumbi kwenye ngazi zake.

Huo mchoro ni kazi yake yeye. Zamani aliwahi kupangisha vinyozi wawili kwenye jengo moja, wakachaniana mashati mchana kweupe mbele ya wateja wenye sabuni mashavuni. Tangu siku hiyo kila mkataba wake una kifungu kimoja kinachosema kwamba wapangaji wawili hawafanyi kazi moja. Akaja Dada wa Kucha, akakodi chumba cha chini, akajaza "miguu". Mwezi wa pili akaja Profesa, naye akajaza "miguu". Mtu mwingine angemwambia Profesa samahani, nafasi imejaa. Mwenye nyumba, ambaye chumba kitupu humnyima usingizi, alimwita mpima viwanja. Mpima viwanja akaja na kamba yake na vigingi vyake, akaambiwa vigingi aviache nje, akaugawa mguu.

Dada wa Kucha alipata vidole vyote kumi, kuanzia kwenye ncha mpaka kwenye mkunjo. Profesa alipata nyayo na visigino. Alipokuja Bwana Mafuta akapewa kifundo kwenda juu mpaka goti, akanung'unika, akaongezewa mishipa. Kati ya kidole na kidole pakabaki na kesi, na mpaka leo mwenye muwasho hapo huambiwa avumilie kidogo, jambo lake linashughulikiwa. Halafu kuna kifungu cha mwisho, ambacho ndicho kilichotuponza: sehemu ya mguu ikikataliwa kuhudumiwa hata mara moja, inarudi kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo katika jengo letu hakuna mtu aliyewahi kusema hajui.

Niwaseme kidogo, maana kwa miaka sita nilikuwa nawasema kila siku. Dada wa Kucha alisoma miezi sita kwenye chuo cha urembo, akafuzu, na daftari lake la chuo bado analo. Anajua kukata kucha, kusugua ngozi ngumu na kupaka rangi isiyovuja pembeni. Profesa ana vyeti arobaini na kimoja ukutani, vyote kwenye fremu. Siku nilipopanda kumgongea bawaba ya mlango nilivisoma kimoja kimoja. Arobaini vinasema "amehudhuria", na kile cha arobaini na moja ni cha kutumia mtungi wa kuzimia moto. Bwana Mafuta alifundishwa na mjomba wake, na mjomba wake alijifunza kwa kuwakanda wachezaji wa timu moja ya mpira ambayo ilishuka daraja miaka mitatu mfululizo. Mikono yake ni mizuri lakini, hilo simnyimi. Ukiwa umechoka akakukanda, unasahau hata njia ya kwenu.

Na kule juu kabisa kuna yule mama tuliyembatiza Bibi Mengineyo. Yeye alikuja mguu umeshakwisha. Alikuwa amesomea miguu chuo kikuu miaka minne, mguu mzima, mifupa, damu, ngozi na mishipa ya fahamu, kisha mwaka mzima akafanya kazi hospitali chini ya macho ya wakubwa wake, na jina lake liko kwenye daftari la serikali la wataalamu wa afya. Mwenye nyumba aligeuza mchoro huku na huku, hakuona kiwanja. Akamwandikia "mengineyo" na kumpa ghorofa ya tatu. Kufika kwake ni ngazi arobaini na nane, na mwenye mguu mbaya hapandi ngazi arobaini na nane. Wiki yake ya kwanza alipata mgeni mmoja, naye alikuwa anatafuta choo.

Mimi niliwadharau wote sawasawa. Mteja akiniuliza, "Fundi, kati ya hawa niende kwa nani?" nilikuwa namjibu, "Wote ni walewale, chagua aliye karibu na mlango." Nilijiona mtu wa kweli peke yangu kwenye lile jengo, kwa sababu kiatu kikikushinda kila mtu anaona.

Sasa mama yangu. Mama alikuwa mpiga chapa ofisini miaka thelathini, akastaafu akiwa na mgongo ulionyooka na ulimi ulionyooka zaidi. Anaishi nami. Ana sukari mwaka wa tisa huu, na anaichukulia kama mpangaji mkorofi, yaani wanapishana kwenye korido bila kusalimiana. Jumatatu moja asubuhi nilikuwa naanika nguo nikaona soksi yake ya kulia ina doa la kahawia chini ya kidole gumba.

"Mama, hii nini?"

"Soksi."

"Mguu wako umefanya nini?"

"Hauumi," alisema. "Kama ungekuwa na neno ungesema."

Nikamkalisha, nikauinua mguu. Palepale kwenye mkunjo, gumba linapokutana na unyayo, palikuwa na kitundu kidogo, cheusi, kimekaa kimya. Nikamwambia avae, twende kazini kwangu, pale watu wa miguu wamejaa tele. Akavaa viatu vyake vyeusi vya kufunga kamba, anavyovipenda kuliko ndugu zake, nami siku chache nyuma nilikuwa nimevibadilisha soli. Tukaenda kwa miguu, dakika ishirini, tukipiga soga.

Dada wa Kucha aliuweka mguu wa mama mapajani, akauangalia, na uso wake ukabadilika. Aliniinamia sikioni.

"Kaka Fundi, chuoni walituambia ukiona kidonda usiguse. Umpeleke mtu kwa mganga wa kidonda."

"Kwa hiyo?"

Alikuwa karibu kunijibu. Lakini pale ngazini alikuwa amesimama Profesa na koti lake jeupe, amekunja mikono, anasubiri kusikia kidole kikikataliwa. Dada wa Kucha akakaa sawa. "Kwa hiyo ni kidole," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "na vidole ni vyangu."

"Kiko kwenye mkunjo," alisema Profesa akishuka. "Mkunjo ni mwanzo wa unyayo."

"Mkunjo ni mwisho wa kidole."

"Nimehudhuria semina ya mikunjo."

Bwana Mafuta naye akateremka, amejifuta mikono kwenye taulo, akasema kwamba yeye hagombani na mtu, ila mshipa wa pale unaanzia kwake, na akitaka anaweza kuufuata mpaka popote unapokwenda.

Ikawa ni kugawana. Kila asubuhi, kwa siku nane, mama aliingia, akanivulia viatu, akaketi kwenye benchi la koridoni. Dada wa Kucha alimsafisha upande wa juu wa kidonda na, kwa kuwa alikuwa pale, akampaka kucha zote rangi nyekundu, za miguu na za mikono. Profesa alinyunyiza unga wa kijani upande wa chini, akiishia kwenye mstari kama mtu anayefyeka majani ya kwake tu. Bwana Mafuta alikanda kutoka goti kwenda chini akifukuza damu mbaya. Walipomaliza mama alinipokonya viatu, nimeshaving'arisha mpaka unaweza kujinyolea ndani yake, akavaa, akarudi nyumbani. Alikuwa na raha. Tangu astaafu hakuna aliyewahi kumgombania.

Kidonda hakikufunga. Siku ya tano kilikuwa kama shilingi. Siku ya saba nilianza kusikia harufu, nikajidanganya kwamba ni gundi. Nilikuwa naogopa, nasema kweli. Usiku nilimwota baba akiniuliza mama yuko wapi. Nilimwendea Dada wa Kucha, nikamwendea Profesa, nikamwendea Bwana Mafuta, na kila mmoja akaniambia upande wake unaendelea vizuri.

Siku ya tisa ukaitishwa mkutano wa mipaka.

Ulikuwa saa nne asubuhi, koridoni, chini ya mchoro. Mguu wa mama uliwekwa juu ya stuli yenye taulo safi, na yeye mwenyewe akapewa kiti cha mikono na pakiti ya biskuti, ambazo aligusa moja tu akairudisha. Mwenye nyumba hakuja lakini alimtuma mpima viwanja. Jamaa alipiga goti, akavaa miwani, akatoa utepe wa kupimia.

"Hali imebadilika," alisema. "Kidonda kimevuka mpaka kwa milimita nne. Kimeingia unyayoni."

"Allah, si nilisema!" Profesa alipiga makofi.

"Kimevuka lakini kilizaliwa kwangu," alisema Dada wa Kucha. Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani hakuwa amelala.

"Tuangalie elimu," alisema Bwana Mafuta kwa upole. "Mimi niko kwenye kazi hii mwaka wa ishirini na mbili."

"Elimu ni cheti," alisema Profesa. "Ukutani kwako kuna nini? Kalenda."

"Vyako ulivipata kwa kukaa kwenye kiti!"

"Nilikaa viti arobaini na kimoja, bwana. Wewe ulikaa kimoja, cha mjomba."

Mpima viwanja aliomba utulivu. Alisema yeye hawezi kupima elimu, hana kifaa chake, anachoweza ni kuweka alama ili kidonda kisisogee tena bila taarifa. Akatoa kalamu ya wino usiofutika, akachora duara kukizunguka, akaandika tarehe. Nami nilikuwa nimeshika daftari, nimepewa kazi ya kuandika kumbukumbu za kikao, na niliandika. Mpaka leo naona haya. Nimesimama futi tatu kutoka kwa mama yangu, naandika: "Mjumbe wa kisigino alitaka kujua kama usaha ni mali ya mahali unapotoka au mahali unapofikia."

"Na katikati ya duara," mama aliuliza, "ni kwa nani?"

Nilimtazama usoni. Alikuwa amejifunika khanga mabegani na anatetemeka, joto lote lile. Nilimshika mkono, nikaurudisha wangu haraka kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Wakati huohuo Bibi Mengineyo alikuwa anateremka na ndoo, maana maji yetu hayapandi mpaka ghorofa ya tatu. Alisimama ngazi ya mwisho. Akavuta pumzi puani mara moja tu, akaweka ndoo chini.

"Mama, habari za asubuhi. Una kisukari?"

"Mwaka wa tisa," alisema mama.

Wajumbe wa vidole, wa nyayo na wa mishipa wakageukiana.

"Nani alikuwa anajua?" aliuliza Bibi Mengineyo.

"Mimi," nilisema.

"Hukuwaambia?"

"Hawakuuliza."

Alinitazama. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Akachuchumaa mbele ya stuli, na papo hapo Profesa akamzuia kwa mkono.

"Samahani, mama. Wewe huna kiwanja hapa."

Bibi Mengineyo alimgeukia mpima viwanja. "Kwenye huo mchoro wenu, sukari iko sehemu gani?"

Mpima viwanja ni mtu wa haki. Alinyanyuka, akaenda ukutani, akatafuta kwa kidole kutoka gotini mpaka kuchani. "Haipo."

"Na homa?"

"Haipo."

"Na mwenye mguu je, yupo?"

Akatafuta tena. Akafungua mkoba, akatoa mkataba, akausoma kwa midomo. "Yote yasiyoonekana kwenye mchoro," alitangaza, "ni mengineyo. Endelea, mama."

Mambo yake yalikuwa ya taratibu. Alivaa glavu. Alimwomba mama afumbe macho, akatoa mfukoni uzi mmoja mgumu wa plastiki, akaanza kumgusa nao chini ya mguu, hapa, pale, kisiginoni, kwenye kila kidole. "Ukisikia nakugusa, sema ndiyo." Alimgusa mara kumi. Mama alikuwa ametulia, macho kayafumba, kama mtoto anayesubiri zawadi.

"Haya," alisema mama, "anza basi."

Dada wa Kucha alijiziba mdomo.

Bibi Mengineyo akabonyeza juu ya mguu kutafuta mapigo ya damu, akapima joto, akakiangalia kidonda kwa tochi. Kisha akauliza swali ambalo wale wote, kwa vyeti vyao na wajomba zao, hawakuwa wameuliza kwa siku tisa.

"Viatu vyake viko wapi?"

Wote walinitazama mimi. Nilivitoa kwenye rafu yangu, kwa majivuno kidogo, nikampa. Vilikuwa vinawaka. Hakuviangalia kwa nje hata kidogo. Aliingiza mkono kwenye kiatu cha kulia, akaupeleka mbele polepole, na mkono ukasimama. Alipoutoa, glavu ilikuwa na tundu na tone la damu.

"Kuna msumari humu," alisema. "Umetokeza ndani. Amekuwa akiukanyaga kila hatua."

Nilikipokea kile kiatu na kuingiza vidole vyangu. Ule msumari niliujua kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Wiki ile nilipombadilishia mama soli, misumari mifupi ilikuwa imeniishia, nikatumia mirefu ya visigino, nikasema nitaikunja ncha kwa ndani kisha niigonge ilale. Nikaitwa nje, nikarudi, nikaanza kung'arisha. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna zaidi ya hapo. Na kwa siku tisa kiatu hichohicho kilikuwa mikononi mwangu kila asubuhi, nakipaka dawa, nakisugua, nakitemea mate, na mkono wangu haukuingia ndani.

Nikakaa kwenye kigoda changu.

"Hiki kimeingia ndani na ana homa," Bibi Mengineyo alikuwa anamwambia mama, siyo sisi. "Inabidi uende hospitali sasa hivi, kwa daktari wa upasuaji. Inawezekana kidole kikaondolewa. Tukichelewa itakuwa ni mguu. Mimi kidonda nakijua, nakisafisha, nakifunga, nakufundisha kuutunza mguu mwingine. Kukata sikufundishwa. Nakuandikia barua ya rufaa."

"Kwa hiyo huwezi," alisema Profesa, na sauti yake ilikuwa na matumaini.

"Siwezi," alisema Bibi Mengineyo, kama mtu aliyeulizwa saa. Akaendelea kuandika.

Neno hilo nilikuwa sijawahi kulisikia ndani ya jengo lile. Wote walilisikiliza. Mpima viwanja alivua miwani. Bwana Mafuta aliangalia mikono yake pande zote mbili. Dada wa Kucha alianza kulia waziwazi, akasema, "Hata mimi nilikuwa siwezi, mama, tangu siku ya kwanza nilikuwa siwezi," na mama akampigapiga mgongoni, akamwambia rangi lakini imekaa vizuri. Bwana Mafuta ndiye aliyembeba mama mpaka kwenye teksi. Profesa alitufungulia mlango wa gari.

Hospitali kulikuwa na dirisha, na nyuma ya dirisha muuguzi mwenye fomu. Jina, umri, ugonjwa wa muda mrefu. Mama alijibu yeye mwenyewe, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, amenyooka kama yuko mbele ya mashine yake ya chapa.

"Chanzo cha jeraha?"

"Msumari wa kiatu."

"Kiatu kipya?"

"Kilitengenezwa."

"Na nani?"

Nilifungua mdomo. Mama alinifinya kwenye kiganja, kucha nyekundu, kwa nguvu zake zote.

"Fundi mmoja wa barabarani," alisema. "Simjui."

Muuguzi aliandika. Mama huyu kwa miaka sita hakupita mtu mbele yetu bila kumwambia viatu vyake vimetengenezwa na mwanawe. Nililia pale dirishani, na muuguzi akanipa karatasi laini, akaniambia mama atapona.

Walipokuwa wanamsukuma kwenda ndani mama alisema, "Ngojeni." Wakangoja. Akaniita kwa kidole, nikainama.

"Misumari hiyo ulipigia viatu vingapi?"

Sikuwa nimeliwaza. Naapa sikuwa nimeliwaza. Nilianza kuhesabu kwa vidole. Yule mwalimu. Mlinzi. Yule mzee wa benchi la duka la dawa.

"Jozi kumi na moja, mama. Ukiacha yako."

"Sasa umesimama hapa unanishika mkono kwa nini?"

"Mama, wanakwenda kukukata."

"Wewe ndiye utakayekata? Umesomea? Nenda katafute viatu vya watu."

Nilikwenda. Nilichukua koleo na mfuko, nikaanza na walio karibu. Sijui kama umewahi kumsimamisha mtu njiani ukamwambia avue kiatu uingize mkono. Mlinzi wa ghala alinitolea kirungu. Nikamwambia, "Mimi ni fundi, nimekutengenezea vibaya, vua." Alivua huku kirungu kikiwa juu. Msumari ulikuwepo, alikuwa ameuwekea karatasi iliyokunjwa, akidhani ndivyo kiatu kilivyo. Mwalimu nilimtoa darasani. Wanafunzi arobaini walisimama madirishani kumwona fundi amepiga magoti mbele ya mwalimu wao wa hesabu, mkono mpaka kwenye kiwiko ndani ya buti. Kwake ncha ilikuwa imelala, hana neno. Mke wa mteja mmoja alinifungulia mlango, akasema mumewe amesafiri na viatu hivyo. Nikamwomba ampigie simu. Jamaa akapokea akiwa ndani ya basi, na nilimsikia akiwaambia abiria wenzake, "Eti kuna mtu anataka nivue kiatu." Alivua. Nikasikia, "Aah!"

Yule mzee wa duka la dawa aliurudisha mguu wake nyuma. "Wewe siku hizi ni daktari wa miguu?"

"Hapana, mzee wangu. Mimi ndiye niliyekosea."

"Una sukari?" nilimuuliza halafu. Wote niliwauliza. Yeye alikuwa nayo. Msumari wake ulikuwa umeanza kutoboa ngozi, na alikuwa hajui. Nikampandisha mgongoni ngazi zote arobaini na nane, mpaka kwa yule mama wa juu.

Siku ya pili, saa nane mchana, muda wa kuona wagonjwa, niliingia wodini. Kidole gumba cha mama kilikuwa kimeondolewa. Mguu ulibaki. Daktari wa upasuaji alisema tungechelewa siku tatu zaidi tungezungumza mengine. Mama alikuwa ameegemea mito, uso umechujuka, bandeji nene juu ya blanketi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, ya kuomba radhi, marefu, na nilipomwona yote yakanipotea. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama."

"Umevipata vyote?"

"Jozi tisa."

"Ulisema ngapi?"

"Kumi na moja."

Alifumba macho. Nilidhani usingizi umemchukua, nikaupeleka mkono wangu taratibu juu ya wake.

"Basi umekuja kufanya nini hapa?" alisema.

Nikachukua koleo langu, nikatoka.